Safari ya Kumtafutia Mzee Maritim Tembo Wake

Tangu nirudi sijakunywa chai kwa amani hapa Litein. Mmoja ananiuliza kama ni kweli tulifukuzwa na tembo. Mwingine amesikia ati gari langu lilipinduliwa. Mzee Maritim naye ana yake anayowaambia watu. Sasa nyinyi marafiki zangu nimewaandikia, kila mtu asome, halafu tuongee mambo ya mvua na majani ya chai. Habari za kulipia geti na kuandikisha majina nimeziacha. Hizo zinafanana kila mahali.

Niliacha shule darasa la tano. Wengi wenu mnajua. Nilichuma chai ya watu na kikapu mgongoni, nikawa utingo wa lori la majani, nikawa dereva, na leo malori ni yangu na duka la simiti na mabati ni langu. Sikusaidiwa na mtu. Nayasema haya kwa sababu yanahusika na safari.

Mzee Maritim ni baba ya mke wangu Chelangat. Kwetu kila ukoo una mnyama wake. Humwindi, humtukani, na mkikutana unamsalimia kama mtu wa nyumbani. Mnyama wa ukoo wa Maritim ni tembo. Babu yake alimsalimia, baba yake alimsalimia, zamani Chepalungu ilipokuwa bado msitu. Yeye amepita miaka themanini na hajawahi. Sasa jicho la kushoto limekufa, na la kulia daktari amesema halitamaliza mwaka. Ni presha ya macho. Akamwambia binti yake kwamba anataka kumwona tembo kabla hilo lingine halijafunga.

Wanawe wamesoma, wana ofisi zao Nairobi. Wakasema wampeleke Mara, ni karibu, tembo wamejaa kama ng'ombe mnadani. Mzee akakataa.

"Hao wa Mara ni tembo wa nyasi," akasema. "Wamezoea watalii. Hawanijui. Wangu ni wa msitu."

Wasomi wakashindwa. Nikasema nitampeleka msitu wa Mau mimi mwenyewe.

Litein mpaka Sigor

Nilitoka asubuhi na mapema na pikapu yangu ya milango minne. Barabara naijua, sikusumbuka. Nilipofika kwa mzee, karibu na Sigor, nilikuta uani watu kama thelathini wamekaa kwenye viti vya kanisa. Nikadhani kuna msiba.

Kumbe jirani mmoja aliona mzee ananyolewa na koti lake linapigwa pasi, akatangaza kwamba anapelekwa hospitali kupasuliwa macho. Kwa hivyo wamekuja kumwombea. Mama mmoja alikuwa analia tayari.

"Silii kifo," akaniambia, "nalia kisu."

Mzee akatoka na fimbo na kofia. "Nani amewaambia naumwa? Naenda kuona tembo!"

Yule mama akamgeukia jirani yake, akasema polepole, "Presha imefika kichwani."

Hapo mzee wa kanisa akasimama, akaomba. Aliomba kwa ajili ya madaktari, akaombea sindano, akaombea kitanda. Nilimvuta koti nikamnong'oneza kwamba hatuendi hospitali. Akaongeza dereva kwenye maombi. Saa nzima ilienda. Kisha tukaletewa kimyet, ugali wetu, na mursik, maziwa ya kibuyu, kwa sababu mgonjwa haondoki na tumbo tupu, na mimi mursik wa nyumba ile siwezi kuukataa. Chelangat amejaribu miaka yote kuutengeneza hivyo kwetu na haujafika.

Sigor mpaka Bomet

Mzee alikaa kiti cha nyuma. Mtu hakai bega kwa bega na mkwewe. Mimi mbele peke yangu, yeye nyuma na fimbo yake na kibuyu cha mursik katikati ya magoti. Katika miaka ishirini na miwili hajawahi kuniita kwa jina. Nilipomchukua binti yake nilikuwa mchuma chai, sina hata baiskeli. Siku hizi akinitaja kwa watu anasema "mwenye gari."

Kabla ya Bomet tulisimamishwa na askari wa barabarani.

"Habari ya safari. Hii gari inabeba abiria?"

"Hapana, afande. Huyu ni baba mkwe."

"Na mbona amekaa nyuma kama abiria?"

"Ni heshima, afande."

Akainama dirishani. "Mzee, huyu dereva ni nani wako?"

Mzee akafikiria. "Ni mwenye gari."

Afande akaniangalia. Nikatoka, nikaeleza. Yeye alikuwa mtu wa kwingine, mambo ya wanyama wa ukoo yalikuwa mapya kwake, akataka kujua yote. Akauliza ukoo wangu ni wa mnyama gani. Akauliza kama mtu wa ukoo wa chui anaweza kuoa wa ukoo wa mbuzi. Nikamwambia sijui ukoo wa mbuzi. Magari mengine yalipita pale bila kusimamishwa, afande amepata somo. Mwishowe akasema, "Lakini mzee, Mara si iko huku mnakotoka?"

"Nyasi," mzee akasema, akafunga dirisha.

Bomet tuliingia hoteli. Mhudumu akamwekea mzee sahani ya nyama na chapati karibu na dirisha, mimi akanielekeza meza ya nyuma ambapo madereva wanakula madondo, maharagwe makubwa, kwa haraka. Nikamwambia, "Dada, mimi ndiye ninayelipa." Akasema, "Ndiyo, madereva wengi wanasema hivyo." Nilikula madondo. Yalikuwa mazuri, yamepikwa na nyanya nyingi.

Bomet mpaka Mogogosiek

Kutoka Bomet nchi inaanza kupanda na chai inaanza kufunika kila kitu. Nilimweleza mzee tunapopita: hapa shamba la fulani, hapa kituo cha kupimia majani, hapa nililala chini ya lori siku tatu nikiwa utingo. Nadhani alikuwa anajaribu kuona. Alikuwa amebandika jicho la kulia kwenye kioo.

Kilomita chache kabla ya Mogogosiek barabara ilikuwa imefungwa. Mvua ilinyesha, na lori la majani lilikuwa limekaa mtaroni kwa magurudumu ya nyuma, limejaa mpaka juu. Watu walikuwa wengi, kila mtu na amri yake. Dereva anakanyaga mafuta, magurudumu yanachimba kaburi.

Nilivua viatu. Nikamwambia dereva, "Zima. Shuka." Akasema, "Wewe ni nani?" Nikasema, "Mimi nilikuwa natoa malori kwenye mitaro hii ukiwa bado unanyonya." Watu wakacheka, akashuka.

Lori la majani halitolewi kwa nguvu. Kwanza unapunguza mzigo upande uliozama, si wote, ule upande tu, ili lijiinue lenyewe. Halafu unaweka matawi ya chai iliyopogolewa chini ya gurudumu. Mawe hapana, mawe yanazama. Matawi ya chai yanashikana kama mkeka. Nilipanga mwenyewe. Ilichukua karibu saa tatu, na lilitoka mara moja, bila hata kusukumwa. Kuna mama mmoja alipiga vigelegele. Mkifika Mogogosiek ulizeni.

Nilirudi kwenye gari na matope mpaka mapajani. Mzee alikuwa amekula mahindi ya kuchoma na kuzungumza na kila mtu aliyepita.

"Wamesema ulijua kazi," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Jua limeenda wapi?"

Lilikuwa limeenda mbali. Tulipaswa kuwa getini asubuhi.

Mogogosiek mpaka geti la msitu

Juu ya mashamba kuna ukanda wa chai wa mwisho, halafu msitu unasimama kama ukuta. Hakuna katikati. Gurudumu moja liko kwenye chai, lingine liko gizani.

Anayetembeza wageni pale ni dada mmoja anaitwa Chepng'eno, mwenye gumbuti na koti la mvua. Alimsalimia mzee kwanza, kwa mikono miwili, akimwita kugo, yaani babu.

"Kugo, tulikungoja asubuhi. Asubuhi tembo walikuwa pale wanapolamba chumvi. Saa hii wameingia kivulini."

"Ni huyu na malori yake," mzee akasema.

"Tutajaribu. Lakini saa kumi tunageuka, mvua au jua. Na kugo, ndani hatupigi kelele. Bwana, hiyo simu uizime."

Nilizima. Sijazoea kuambiwa na mtu wa umri wa binti yangu, lakini pale ni kwake.

Ndani ya msitu

Miti ya kule ina mashina ambayo watu wanne hawawezi kukumbatia. Chini ni giza la kijani, na maji yanadondoka hata kama mvua imekoma. Mzee alitembea katikati, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine kwenye mkoba wa Chepng'eno. Mimi nyuma, kama ataanguka.

Wanyama tuliwaona. Mbega waliruka juu yetu na yale manyoya meupe yanapepea kama shuka. Hondohondo walipita, mabawa yao yanapiga kelele kama mtu anakata mbao. Kima walikuwa wengi. Huku kwetu kima akiingia kwenye mahindi tunamrushia mawe, na kule nilisimama kimya kumwangalia akila tunda. Aliniangalia pia. Nadhani alijua.

Yote hayo mzee aliyasikia tu. "Huyo ni nini? Na huyo?" Chepng'eno anamnong'oneza. Mzee anatikisa kichwa, anaendelea. Hakuja kwa kima.

Baadaye tulikuta kinyesi cha tembo njiani, kikubwa kama karai. Mzee alipiga goti, akaweka kiganja juu yake. Huyu ni mtu wa ng'ombe, hapo haulizi mtu.

"Cha leo," akasema. "Bado kuna joto."

Uso wake ulibadilika. Akainuka bila kushikwa, akatembea mbele yetu karibu hatua hamsini. Kisha magoti yakakataa. Tukapumzika. Tukatembea tena, tukapumzika tena. Mara ya tatu alikaa juu ya mti ulioanguka, pembeni ya bonde lenye majimaji. Ngurumo zilianza. Chepng'eno akatazama saa.

"Kugo, imefika."

"Basi," mzee akasema. "Nirudisheni nyumbani."

Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi wenu hamjalisikia. Mimi sijawahi kurudisha mzigo bila kuufikisha. Tangu nishike usukani, hata mara moja. Na ng'ambo ya lile bonde, kama hatua mia na hamsini, kulikuwa na kitu kikubwa cha kijivu, mgongo wa mviringo, na mbele yake upepo ulikuwa unatikisa majani kama kuna kitu kinakula.

Nikasema, "Mzee. Yule pale."

Chepng'eno aligeuka haraka, akaangalia. Kisha akaniangalia mimi. Sikumwangalia.

"Wapi?"

Nilimshika mabega, nikamgeuza, nikanyoosha mkono wake mwenyewe mpaka ukaelekea pale. "Yule. Amesimama."

Alikaza jicho muda mrefu. "Wa kijivu?"

"Huyo huyo."

Akavua kofia. Akatema mate kidogo kifuani, kwa baraka, na akaanza kumsalimia kwa Kipsigis, kwa sauti ya chini. Alijitaja yeye ni nani, baba yake ni nani, babu yake alikutana na tembo wapi. Akataja watoto wake wote kwa majina, wa kwanza mpaka wa mwisho, na wajukuu, na yule mtoto aliyefariki akiwa mdogo. Chelangat alimtaja "aliyeolewa Litein, kwa mwenye gari." Akaomba ng'ombe wakae vizuri. Ilichukua robo saa. Mvua ilianza na hakuvaa kofia.

Yule wa kijivu hakusogea.

"Ametulia," mzee akasema, akifuta jicho. "Ananisikiliza."

Kurudi getini

Tulirudi polepole. Mzee alikuwa mchangamfu, hata alimwambia Chepng'eno hadithi ya fahali wake wa zamani. Tulipofika kwenye gari alipanda kiti cha nyuma, akafunika miguu na koti, na kabla sijawasha alikuwa amelala, mdomo wazi.

Chepng'eno aliomba nimshushe kwao, mwisho wa barabara ya msitu. Akakaa mbele.

"Lile ni jiwe, bwana," akasema. "Watoto wa shule tunawapigia picha pale."

"Najua."

"Ameliambia hata jina la mtoto aliyekufa."

Nilimwambia tu kwamba mzee amefurahi, na hilo lilikuwa kweli. Alitazama nje dirishani.

Kwenye kona, pale ambapo msitu unaachana na ukanda wa chai, alishika mkono wangu. "Zima gari. Zima kabisa."

Tembo alikuwa ametoka. Jike, na mtoto wake kando, hatua arobaini mbele yetu, wanavuka barabara kwenda upande wa pili. Mvua ilikuwa imemlowesha, alikuwa mweusi na anang'aa. Hakukuwa na sauti yoyote. Mimi nilidhani mnyama wa ukubwa ule angetikisa ardhi. Alisimama katikati ya barabara, akainua mkonga, akanusa upande wetu.

Niligeuka. "Mzee. Mzee, amka. Tembo."

Akafungua jicho nusu. "Nimeshamwona."

"Kuna wengine. Hapa mbele."

"Mmoja anatosha." Akavuta koti mpaka kidevuni. "Nimeshamwambia yote. Wacha nilale."

"Mzee, tafadhali."

"Mwenye gari, mimi nimechoka."

Mtoto wa tembo alikuwa ameshafika ng'ambo. Mama alianza kugeuka amfuate. Chepng'eno hakunisaidia. Alikuwa ananiangalia tu, mikono kwenye magoti.

Nikasema, "Mzee, yule alikuwa jiwe. Nilikudanganya. Hawa ndio wenyewe na wanaondoka."

Alikaa wima. Sijawahi kuona mzee wa umri ule akiamka haraka hivyo. Aliteremsha kioo, akatoa kichwa nje kwenye mvua, na Chepng'eno akamshika kichwa taratibu kwa viganja viwili akamwelekeza. "Kugo, angalia kinachosogea."

Tembo akasogea. Nilimwona mzee akimwona. Mdomo wake ulifunguka, na jicho likamfuata, kutoka katikati ya barabara mpaka ukingoni, bila kuonyeshwa na mtu.

Muda haukuwepo. Alivua kofia akasema kwa Kipsigis, "Ni mimi, wa kwa Maritim. Nimechelewa."

Tembo alisimama kidogo. Labda ni sauti, labda ni mtoto alikuwa anamngoja. Kisha matawi yakafunga nyuma yake, na barabara ikabaki na maji tu.

Mogogosiek mpaka Litein

Tulimshusha Chepng'eno. Alimuaga mzee kwa mikono miwili, na mimi akanipa mmoja, nao ulikuwa wa haraka.

Njia yote mzee hakusema neno. Tulipita Mogogosiek, wale wa lori wakanipungia mikono, sikusimama. Nilitengeneza maneno kichwani na kuyatupa. Nimezungumza na watu wakubwa, nimebishana na mameneja wa viwanda, lakini kwenye kioo nilikuwa naona tu kofia, na chini yake jicho limefungwa, wala hakuwa amelala. Nilijua kwamba akifika kwetu, maana alikuwa alale huko, na kumwambia binti yake nilichofanya, mimi na Chelangat tutakaa vibaya kwa muda, na ana haki. Mzee mwenyewe nilijua nimempoteza kabisa, kama niliwahi kuwa naye.

Tulifika Litein jua limeshazama. Chelangat alikuwa getini na aproni. Alimshika baba yake mkono akamsaidia kushuka.

"Baba, umemwona?"

"Nimeona."

"Wangapi?"

"Watatu," mzee akasema.

Mimi ni mtu wa hesabu, mdomo uliniponyoka. "Wawili, mzee. Mama na mtoto."

Akageuka kuitafuta sauti yangu. "Tonui," akaniambia, "yule wa bondeni nilimpa majina ya watoto wangu wote. Sasa nikimtoa kwenye hesabu, majina yataenda wapi?"

Chelangat akauliza wa bondeni ni nani. Mzee akamwambia alikuwa wa kijivu, mtulivu sana, anayejua kusikiliza. Akaingia nyumbani kwangu, akauliza kama kuna chai.

Kwa hivyo mkimwuliza atawaambia watatu. Mimi niliona wawili.